Maboga ya Mama Elia

Vijana mnaofuga nyuki siku hizi, na nyinyi mnaolima alizeti kule Iguguno na Misigiri mkidhani nyuki ni shauri la wengine, leo nina maneno nanyi. Sitawafundisha kurina asali. Hilo mnalijua, tena mnalifanya mkiwa mmevaa mavazi meupe yanayowafanya mfanane na watu wanaokwenda mwezini. Nataka kuwafundisha kushuku.

Mimi nilikuwa bwana nyuki wa serikali. Nilizaliwa Sepuka, na mkoa huu wa Singida nimeuzunguka kwa baiskeli mpaka matako yakaota sugu. Mke wangu husema ninashuku hata chai aliyoikoroga mwenyewe. Ni kweli. Kazi ndiyo iliyonifanya hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkubwa wangu, Mzee Njiku. Mtu akimletea kibuyu cha asali, alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akakiweka chini. Halafu akaanza kumwuliza yule mtu habari za mvua, za ng'ombe, za jirani, za kila kitu isipokuwa asali. Mwenye asali safi alijibu ametulia. Aliyechanganya sukari guru hakuacha kukitazama kibuyu. Mzee Njiku aliniambia, "Usimtazame nyuki peke yake, Athumani. Tazama anatoka wapi, anakwenda wapi, na nani hataki umtazame." Maneno hayo ndiyo niliyoondoka nayo.

Basi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walikuwa wameondolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika porini, wakapangwa pamoja kwa mistari kama viti vya kanisani. Kijiji ninachokisema kilikuwa upande wa Iguguno. Jina lake nalihifadhi, maana wajukuu wa watu hawa wapo. Trekta lilikuwa limeng'oa visiki, limelima mpaka mipakani, na magogo makavu yote ya mashambani yalipigwa moto. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Kitundu, alikuwa mtu mwaminifu lakini mwenye haraka. Nyuki walipomwua ndama mmoja siku za mwanzo, alitoa amri: mizinga yote ikae ng'ambo ya kilima. Ukikutwa na mzinga kijijini, unachomwa moto hadharani.

Niliitwa kwa sababu ya alizeti. Shamba la pamoja lilikuwa kubwa na zuri kulitazama, lakini ukikamua vichwa, katikati yake mbegu zilikuwa mapepe matupu. Kitundu alinipokea na kichwa kimoja mkononi, akanisukumia kifuani.

"Ndugu Bwana Nyuki, wadudu wako hao. Wananyonya mafuta kabla hayajaiva."

"Nyuki hanyonyi mafuta, Ndugu Mwenyekiti."

"Wewe ulikuwepo akikataa?"

Chuoni tulifundishwa asali na nta. Ua lilikuwa mahali nyuki anapokwenda kula, basi. Nikaomba nikae wiki moja mbili nitazame. Kitundu akanipa chumba kwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Zena, mkali, mchapakazi, mwenye sauti inayosikika mpaka kisimani.

Nilikuwa sijamaliza hata kufungua mzigo wangu, Mama Zena akaniambia jambo lililokuwa likiwaunguza watu kweli. Halikuwa alizeti. Lilikuwa maboga.

Alinipeleka shambani kwake nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa mapana, maua ya manjano yamejaa. Lakini kila kiboga kichanga kilichokuwa chini ya ua kilikuwa kimegeuka rangi, kimesinyaa, kimeoza kwenye ncha. Ukikigusa tu kinadondoka. "Kijiji kizima ni hivi," alisema. "Kule tulikotoka tulikuwa tunayakanyaga maboga. Hapa hata moja." Akateremsha sauti, na kwa Mama Zena hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Isipokuwa kwa mtu mmoja. Pale mwisho, penye korongo. Nenda ukaone mwenyewe, halafu uniambie maboga yetu yamekwenda wapi."

Mtu huyo alikuwa Mama Elia, mjane, nyumba yake ya tembe ikiwa ya mwisho kabisa kijijini. Mwanawe Elia alikuwa kazini mbali, hana mtu mwingine. Nilikwenda. Nawaambia ukweli, nami nilishtuka. Maboga yalikuwa yamelala kila mahali kama mbuzi waliojipumzisha, mengine yamepanda juu ya paa la tembe. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, mbegu waligawana wao kwa wao kabla hawajahamishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini kaa hapo hapo mbele. Nyuma kuna miiba."

Nyinyi mngesema mama mkarimu anamwonea mgeni huruma. Mimi nilijiuliza mbona miiba hiyo imetajwa kabla sijaiulizia. Akaniletea maji ya kunywa kwenye kata. Alipoinyoosha ile kata, niliona ukucha wa kidole gumba chake una kitu cheusi kimeganda, kama lami. Na kanga yake ilinuka moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, ilhali jikoni kwake kulikuwa na kuni tele. Nikanywa maji, nikashukuru, nikaaga. Nilimwona anavyonisindikiza kwa macho mpaka nikapinda.

Kijijini hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Wanawake wakimwona Mama Elia anakuja kisimani, walijitwika ndoo hata kama hazijajaa. Watoto walikatazwa kupita kwake. Mama Zena, ambaye kule walikotoka alikuwa jirani yake, wakiazimana mpaka chumvi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitamka neno "mchawi" mbele za watu. Kitundu hakulipenda neno hilo; alisema mambo ya uchawi ni ya kizamani, hayajengi taifa. Lakini nilimwona naye akipita mbali na shamba lile. Ilikwisha kusemwa kwamba mkutano wa kijiji utakapokaa, Mama Elia ataambiwa arudi alikotoka. Na alikotoka palikwisha kubomolewa.

Sasa sikilizeni kazi, maana hapa ndipo penye ufundi. Ukitaka kujua mzinga uko wapi, usiende porini kuhangaika. Nenda kwenye maji. Nyuki lazima anywe. Niliomba unga wa mtama kwa Mama Zena, nikachutama penye matope ya kisima, nikamsubiri nyuki atue. Akishazama kunywa, unamnyunyizia unga kidogo mgongoni, anakuwa mweupe. Akiondoka unatazama anashika njia gani. Kisha unakaa. Akichelewa sana kurudi, kwake ni mbali. Akirudi upesi, ukamwona bado ana weupe wake mgongoni, basi mzinga uko hapo hapo.

Nyuki wangu mweupe alirudi hata goti langu halijaanza kuuma.

Nilipoinua kichwa, wanawake walikuwa wamenizunguka na ndoo zao. "Bwana huyu anamwaga nini kwenye kisima chetu?" Mmoja alikwisha okota jiwe. Nikalazimika kuramba unga uliobaki mkononi mbele yao, nao wakanitazama kama wanaosubiri nidondoke. Vijana, siku ile nilijua maana ya kutazamwa vile. Niliinuka nikaondoka nikifuata upande aliorukia yule nyuki, na upande wenyewe ulikuwa korongoni.

Nilipita chini ya korongo, nikapanda kwa nyuma. Minyaa ya ua wa Mama Elia ilikuwa minene, na ndani yake kabisa, umefunikwa kwa nyasi, ulilala mzinga wa gogo, nyufa zake zimezibwa kwa gundi nyeusi ya nyuki, ileile niliyoiona ukuchani, na kando yake mavi makavu ya ng'ombe ya kuwafukizia moshi. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kimya kimya, miguu yao imejaa manjano ya ua la boga.

"Umeuona," sauti ilisema nyuma yangu.

Mama Elia alikuwa amesimama na panga. Hakulinyanyua, lakini hakuliweka chini pia.

"Nimeuona, mama."

"Ni wa marehemu mume wangu. Siku ya kuhamishwa niliuziba mdomo kwa nyasi, nikauviringisha kwenye ngozi, nikaupakia kwenye lori. Dereva akaniuliza ni nini, nikamwambia ngoma. Tulipofika njiani akageuka akasema, 'Mama, ngoma yako imeanza kulia yenyewe.'"

Nilicheka. Naye alitaka kucheka, ikashindikana.

"Sasa chagua wewe, mwanangu," alisema. "Ukisema, wanauchoma. Usiposema, wananifukuza. Mimi nimechoka kuchagua."

Nilimwuliza kwa nini hakujitetea kwamba maboga yake yanashikishwa na nyuki. Akanitazama kama mtu niliyemwambia jogoo ametaga. "Nyuki na maboga wapi na wapi? Nyuki ni wa asali. Maboga ni Mungu tu."

Kwa hiyo msidhani nilikuta hapo mtu mwenye siri ya elimu. Yeye hakujua, na mimi nilikuwa nashuku tu, kwa sababu ya yale manjano miguuni mwao. Kumshuku nyuki kwa jambo jema ni kazi ngumu kama kumshuku mwizi. Lazima umkamate akitenda.

Asubuhi, jua likiwa linachomoza, nilikwenda kwenye shamba la Mama Zena kutazama maua yakifunguka. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga. Hakikutua kitu. Si nyuki, si mdudu yeyote. Nilipoinama vizuri niliona petali zina vumbi la kijivu. Mama Zena alitoka ndani na soksi kuukuu iliyojaa unga, akawa anaitikisa juu ya maua, pu, pu, pu.

"Nini hiyo?"

"Dawa ya mende wanaokula majani. Ilibaki kwenye ghala la pamba, Mwenyekiti akatugawia. Kila mtu anayo, isipokuwa yule wa korongoni, aliikataa."

Ndani ya ua moja nilimkuta nyuki mkubwa mweusi, wale wanaotoboa mbao kavu na kuishi humo, amelala chali, amekufa. Nikakumbuka magogo yaliyochomwa. Nikakumbuka mipaka iliyolimwa, ambako vinyuki vidogo vya ardhini huchimba vishimo vyao. Wenyeji wote wa maua walikuwa wamefukuzwa: mizinga ng'ambo ya kilima, weusi motoni, wa ardhini chini ya trekta, na aliyesalia akamalizwa na soksi.

Lakini ningemwambia nani aamini? Mama Zena alikwisha anza kunishuku kwamba nimelishwa kitu kwa Mama Elia. Nikamwambia, "Usiniamini. Fanya mwenyewe."

"Nifanye nini?"

"Kuna ua lenye kikonyo kirefu, halina kiboga chini yake. Hilo ni dume. Na kuna lenye kiboga. Hilo ni jike. Lichume dume, lichane petali, lisugue ndani ya jike mpaka manjano yabaki. Funga uzi kwenye kikonyo chake. Mengine yaache. Na soksi yako iache ndani."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mimi nitakaa pale mlangoni na mikono yangu uione."

Alisugua huku akigeuka kunitazama. Alichana uzi wa kanga yake kuukuu, akafunga, akabadilisha mawazo, akafungua, akasugua tena, akafunga. Siku zile zote aliwakataza hata wanawe wasikanyage shambani, na mimi akanifungia mlango wa nyuma. Alinishuku mimi, akamshuku Mama Elia, na nadhani alijishuku na yeye mwenyewe.

Kisha asubuhi moja alinijia sijamaliza uji, akanishika mkono wa shati akanivuta mpaka shambani. Viboga vyenye uzi vilikuwa vimejaa, kijani, vina vinyweleo, vizito. Visivyo na uzi vilikuwa vimelala vimeoza kama kawaida. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Nilimwita mchawi mbele za watu," alisema. "Mimi. Mtu aliyenizalisha Zena."

Mkutano ulikaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mama Elia aliketi peke yake upande mmoja, watu wamemwachia nafasi kubwa kama anayeumwa ugonjwa wa kuambukiza. Kitundu alianza na mambo ya ghala, ya jembe la kukokotwa na ng'ombe, akazunguka wee, mpaka mtu akapaza sauti: "Ndugu Mwenyekiti, tumekuja kwa ajili ya maboga!"

Basi watu wakasema yao. Mmoja alidai amemwona Mama Elia akizunguka mashamba ya wenzake. Mwingine alidai nyumba yake inanuka moshi usioeleweka. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu, nikijiuliza nianzie wapi, aliposimama Mama Zena.

"Maboga yenu yanaoza," alisema kwa ile sauti yake, "kwa sababu hayajaozwa."

Mwanamume mmoja nyuma akaanza kucheka peke yake.

"Ndiyo, cheka. Boga lina mume na mke kama wewe. Dume liko pale, jike liko pale, na hakuna wa kuwakutanisha. Mimi nimeyaozesha yangu kwa mkono wangu huu. Njooni mkayaone leo hii, yamebeba mimba. Mtu yeyote atakayemtaja tena huyu mama, aje anitaje mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyewatia maneno hayo midomoni."

Kicheko kilienea mpaka kwa wazee. Lakini Kitundu hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri, na kwa mara ya kwanza nilimheshimu kwa ushuku wake.

"Ngoja," alisema. "Wewe umetumia mkono. Ya Mama Elia yameozwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Mama Elia. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimemwahidi siku ile kwenye minyaa kwamba neno la mzinga halitatoka kwangu.

Mama Elia alijifunga kanga vizuri, akasimama. "Nina mzinga," alisema. "Uko kwenye minyaa nyuma ya nyumba yangu. Tangu tulipohamia."

Kelele zikalipuka. "Amevunja amri!" "Ukachomwe!" Kijana mmoja alikwisha anza kutafuta kiberiti mfukoni. Kitundu alinigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Ndugu Mwenyekiti."

"Na hukusema."

"Nilitaka kwanza nijue kama ni mhalifu au ni mfanyakazi."

Mama Zena alikuwa bado amesimama. Akamwelekezea kidole yule kijana wa kiberiti. "Uchome. Halafu kila siku alfajiri uwe unapita nyumba kwa nyumba kusugua maua ya kijiji kizima. Na alizeti pia usizisahau, ni heka ngapi zile? Uanze kesho."

Kijana akaketi.

Mwishowe Kitundu aliamua mizinga irudi, ila isikae kati ya nyumba. Itundikwe kando ya shamba la alizeti na kando ya korongo, mbali na zizi. Dawa isitiwe tena kwenye maua. Mende wa majani wapigwe kwa majivu. Niliomba pia magogo na visiki vya korongoni visiguswe, na ukanda wa mpakani usilimwe. Alinikubalia magogo, ukanda akaninyima. Alidhani natafuta mahali pa kulishia mbuzi wangu. Sikuwa na mbuzi.

Msimu uliofuata alizeti zilijaa mpaka katikati na watu wakanipa sifa. Nawaonya, msizipokee sifa kama hizo haraka. Mvua ya mwaka ule nayo ilikuwa nzuri. Tena nilikwenda siku moja alfajiri kwa Mama Elia kutazama. Waliotua kwanza kwenye maua ya boga walikuwa wale weusi wakubwa kutoka kwenye magogo, na vidogo vya ardhini, jua halijapasha. Nyuki wa mzinga walifika baadaye, kwa kelele na kwa wingi, wakajichukulia heshima yote. Mpaka leo sijui mzinga ule ulistahili sehemu gani. Kwa hiyo mtu akikuuzia mzinga akasema huo peke yake unatosha shamba, mtazame usoni. Na ukiona maua mazuri yamefunguka na hayana mlio wowote, usiseme shamba limetulia. Uliza nani ameuawa.

Niliondoka kijiji kile wakati wa mavuno. Siku ya kuaga, nilikuwa nimeketi kwa Mama Elia, akaingia Mama Zena na boga kubwa kichwani, moja la yale ya uzi wa kanga. Walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu mkutano. Alilitua mbele ya mwenzake akasimama, hajui mikono aiweke wapi.

Mama Elia hakusema karibu, hakusema ondoka. Alilikata, akalipika palepale, tukangoja mpaka likaiva. Akaepua kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akamsogezea Mama Zena.

"Kula wewe kwanza."

Mama Zena aliona haya, lakini alikaa chini, akakichukua bado kinafuka moshi, chakula cha mkono wa yule aliyemwita mchawi, akala chote mbele yake mpaka ganda.

Ndipo Mama Elia akajipakulia.